Maji Niliyoyapima Mwenyewe

Nyasho, Musoma
Jumapili jioni

Dada Matrida,

Salamu zikufikie hapo Butiama, wewe na mama yako, ambaye najua magoti humsumbua kila mvua zinapoanza. Natumaini anatembea. Mimi mwili ni mzima. Nimekupigia simu mpaka nikaona haya. Hupokei, na sikulaumu. Barua hii nimempa Wegesa wa jikoni, anayekuja huko kumwona dada yake.

Hapa hotelini tupo tu. Bwawa la kuogelea lilifungwa, sasa limefunguliwa, ingawa upepo unatujazia wadudu wa ziwani na kila asubuhi nawachota kwa wavu peke yangu, kazi tuliyozoea kuifanya wawili huku tukipiga soga. Stellah wa mapokezi anakuulizia kila tukionana.

Wale watoto wote wamepona. Nilikwenda hadi Mwigobero kwa mama wa yule mdogo aliyelia sana, nikamkuta anakimbizana na wenzake kati ya mitumbwi, macho yake safi. Nilitaka ujue hilo kabla ya mengine.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Siku ile ya sherehe ya watoto wewe ulikuwa Bukima msibani, na meneja akaniambia nipime maji mwenyewe. Nikadondosha dawa kwenye kichupa, nikakilinganisha na ile kadi ya rangi, nikaona rangi ni nyekundu, yaani maji yanataka asidi. Nikamimina. Kumbe ilikuwa njano, asidi ilikuwa imeshazidi. Watoto walipotoka wanalia macho yanawawaka, meneja akasema ni dawa uliyochanganya wewe jana yake kwa haraka ya safari. Mimi nikainamisha kichwa. Nilijua, Matrida, na nilinyamaza mpaka ukarudi, ukafukuzwa, ukakabidhi funguo.

Rangi hizo mbili sizitofautishi tangu utoto. Ndiyo maana nilikuwa nakuletea kichupa kila asubuhi, nikikutania kwamba macho yako ni mazuri kuliko yangu, nawe ukicheka na kunisomea. Ulidhani nakuchokoza tu. Hata lile gauni lako la Pasaka, niliposema wekundu wake unakupendeza, nilibahatisha. Ulifurahi mno, nikashindwa kukwambia ukweli. Nilichelea unione mwanamume nusu, na kwa woga huo wa kijinga nimekupotezea kazi.

Jana nimekwenda kwa meneja, nikamweleza yote. Hakuamini, alisema nakutetea kwa kuwa nakupenda. Akapanga vichupa viwili mezani, akaniambia nimwonyeshe chenye maji yaliyozidi asidi. Nikakosea. Akavibadilisha, nikakosea tena. Akasema kumbe miaka yote nilikuwaga nasomewa. Ameagiza urudi kazini, na atakupigia mwenyewe, kwa hiyo namba yake ipokee. Mimi naondoka. Kaka yangu Said ananipokea dukani kwake Bunda, usihangaike na habari zangu.

Lakini kukurudisha kazini hakutoshi, hilo nalijua. Wegesa ameniambia mama yako ameacha kwenda kusali jumuiya, kwa sababu majirani wanasema binti yake amechoma watoto macho. Tangu nilisikie hilo chakula hakinipandi. Nimejaribu kumfikiria mama mtu mzima anayejificha nyumbani kwake kwa kosa langu, na naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Ukiweza kunisamehe, nisamehe. Usipoweza, sitakuuliza sababu. Ninaloomba ni moja: msomee mama barua hii kwa sauti, na kama kuna jirani amekaa hapo, mwache akae asikie. Ukifika kwenye jina langu, usiliruke.

Nisalimie mama, na wote wa hapo nyumbani.

Ni mimi niliyekukosea,
Shomari