Mlio Ndani ya Mzinga

Ibra

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Natumai umetoka eda ya Baba salama na miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Kwenye simu nimeshindwa kusema, ndiyo maana naandika.

Mume wa Bibi Zuwena, bibi ninayemtunza huku ugenini, naye amefariki. Alifuga nyuki kwenye magogo ya mtende yaliyopangwa uani. Kabla hajaugua, nilikuta kiwavi kwenye yasmini, mnene kuliko kidole gumba, wa manjano, ana pembe nyuma. Nilitaka kumponda, mzee akanikataza. Siku moja kiwavi akashuka, akajichimbia mchangani. Haukupita muda, mzee naye akazikwa.

Bibi alipokaa eda, kila baada ya magharibi tukawa tunasikia mlio ndani ya mzinga mmoja. Mwembamba, kama mgonjwa anayeita kwa shida. Bibi akaacha kula, akawa anakaa karibu na mizinga.

"Wamsikia?" akaniuliza. "Ndivyo alivyokuwa akivuta pumzi mwisho mwisho, wallahi."

Nilisikia, Mama. Lakini mimi nilimsikia Baba.

Mjukuu wake anayesoma mji wa Nizwa alipokuja, tukaufukiza mzinga na kuufungua. Akatoka nondo mkubwa, amelowa asali, mgongoni ana alama kama fuvu la mtu. Kijana alipomshika, nondo akalia mlio ule ule. Mimi nikarudi nyuma hadi ukutani.

"Ni nondo tu, Bibi," kijana akasema. "Mama yake hutaga kwenye yasmini. Kiwavi hula majani, kisha hulala ardhini mpaka aote mbawa. Akitoka huingia mizingani kuiba asali. Hata Ulaya wapo. Nimuue?"

Bibi akamtazama sana yule mdudu. "Mwache aende zake. Keshashiba."

Kijana akamwachia, akaziba mlango wa mzinga kwa wavu, nyuki tu ndio wapite. Jioni ile Bibi alikula wali, na sasa analala vizuri.

Mimi ndiye nisiyelala. Nimemwona nondo kwa macho yangu, na bado kila magharibi nasimama uani nikisikiliza.

Nisalimie kaka aliyemwosha Baba, na shangazi aliyewapikia waombolezaji. Wewe ulikuwa karibu yake alipokata roho, Mama, na mpaka leo sijathubutu kukuuliza. Nijibu kweli, hata kama itaniuma: Baba aliniita?

Mwanao anayekukumbuka,
Mwanaidi