Bega la Babu

Jumapili, Kitale. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Nimekaa kitandani na laptopu mapajani. Sikuenda kanisani, na nilipoulizwa nikasema kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi.

Jana tulimzika Babu.

Babu alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ni yetu hapa Kitale, ya marehemu nyanya aliyemzaa baba yangu. Ya pili iko Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, kwa mke mdogo ambaye sisi wajukuu humwita Kukhu, yaani nyanya. Shangazi, dada mkubwa wa baba, hajawahi kumtaja kwa jina. Husema tu, "yule wa Bungoma."

Nami nilipokuwa nasomea graphics Bungoma, niliishi kwa huyo huyo "yule wa Bungoma". Aliniachia meza yake ya kulia niweke laptopu, yeye akawa anakula na sahani mapajani. Stima ikipotea alinung'unika kuliko mimi. Nilikuwa naingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, nafunua sufuria, naambiwa ninawe mikono kwanza.

Kwenye meza ile ndipo nilipojifunza kukata picha, kulainisha rangi, kujaza pengo mpaka lisionekane. Mwalimu wetu alikuwa na wimbo mmoja: usifute, ficha. Ulichoficha utakirudisha, ulichofuta utakililia.

Babu alipofariki nikapewa kazi ya kutengeneza kijitabu cha programu ya mazishi na bango la hemani. Hapa Kitale hatukuwa na picha yake ya maana. Katika nyingine amesinzia, katika nyingine amekatwa nusu ya kichwa. Nikampigia Kukhu. Akaitoa yake ukutani, akaifunga kwa leso, akaituma na mtu. Babu ameketi, koti jeusi, macho yanacheka. Kukhu amesimama kando yake, mkono begani mwake.

Shangazi akaitazama, akasema, "Huyo mtoe. Si watu watatuuliza hii ni matanga ya nani?"

Ningekataa. Ningesema haiwezekani, na angeniamini, maana hata kutuma picha kwa simu humshinda. Nikasema, "Sawa, Shangazi."

Na niseme ukweli wote, kwa sababu hapa hakuna wa kunihukumu ila mimi. Niliifurahia ile kazi. Kumtoa Kukhu kulikuwa rahisi, nyuma yake ni ua wa miti tu. Kilichonitoa jasho ni mkono. Chini ya vidole vyake hakukuwa na koti, ikabidi nilichore bega upya, mkunjo kwa mkunjo, pamoja na kivuli chake. Nilipomaliza nikajipongeza kwa sauti. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Sikumfikiria Kukhu hata kidogo. Nilifikiria bega.

Jana alikuja na watu wa Mabanga, akakaa kando ya jeneza, mahali pa mjane. Hilo hakuna aliyethubutu kumnyima. Bango lilikuwa limening'inia juu yake, kubwa, na Babu peke yake anacheka. Nilipompelekea chai, akanishika mkono.

"Hii picha ni wewe umetengeneza?"

"Ni mimi, Kukhu."

Akaliangalia lile bega. "Umejua kazi, mama. Hata mahali nilikuwa nimeshika hakuna alama."

Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo linaniuma. Kukhu hana kejeli. Alikuwa anaisifu kazi ya mjukuu aliyesomea mezani pake. Au pengine alikuwa ananiuliza kitu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Picha yake bado iko kwangu, ndani ya leso yake. Aliondoka bila kuidai.

Leo nimefungua lile faili. Angalau wimbo wa mwalimu niliufuata, sikuwa nimefuta. Nikabonyeza mara moja, Kukhu akarudi mahali pake, na mkono wake begani. Nikalia jinsi ambavyo sikulia jana kaburini.

Kisha nikaituma kwenye grupu ya familia, na chini yake nikaandika: "Hii ndiyo picha yenyewe. Ile ya jana niliibadilisha mimi." Sikumtaja Shangazi. Naona wameisoma wote. Shangazi ametoka kwenye grupu.

Nilidhani ningepata nafuu. Sijapata. Bango lilishaonekana na kijiji kizima, na programu ziko majumbani mwa watu, na humo Babu hakuwahi kuguswa na mtu.

Kesho naipeleka picha Mabanga mwenyewe, sitaituma na mtu. Ninachowaza tangu asubuhi ni kitu kidogo sana. Nikifika, nitapita jikoni kama zamani, au nitasimama mlango wa mbele nipige hodi kama mgeni?