Nyayo Zako Katika Shimo la Udongo

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo ungenikemea hata huko uliko.

Lile tembe la zamani la misafara, tulilokuwa tukilikarabati homa ilipokuangusha, tumelimaliza. Paa lote limefunikwa udongo na mvua ya kwanza imeshapiga. Ngoja nikueleze vizuri, maana tangu tukuzike sina wa kumweleza.

Matanga yalipoanuliwa, nyapara alikuja nyumbani Mtendeni. Alitoa pole, ndipo akasema Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, amechoka kungoja. Paa lisipokamilika kabla ya mvua, kuta zitalowa na kuanguka, na pale patajengwa ghala la bati. Akataka mimi nishike kazi yako. Nikamwambia mimi ni wa kuteka maji tu, fundi ni mama yangu.

Ungenicheka! Ulishanifundisha kila kitu: kuchagua udongo wa kichuguu, kuukanyaga na majani makavu, kuupiga kwa kibao juu ya boriti ushikane. Ila kila ulipogeuka kuniuliza juu ya udongo, "Haya, umeiva?" nilikutazama usoni kwanza ndipo nikajibu. Sikuwahi kujibu kwa akili yangu.

Hata hivyo, asubuhi nikaenda. Shimo lako la kukanyagia udongo lilikuwa vilevile, limefunikwa nyasi. Nikazifunua. Mayu wee! Nyayo zako zilikuwa humo, zimekauka, na ule wa kushoto na kidole chako kidogo kilichompanda mwenzake. Nikakaa chini palepale.

Wenzetu walisimama ukingoni. Desturi unaijua, shimo hulikanyaga kwanza aliyelichimba, na kama hayupo, mtu wa damu yake. Hakuna aliyeniharakisha. Shangazi Kalunde alilia waziwazi, hakujificha hata kwa kanga.

Nilijua nikikanyaga sibaki na kitu. Nguo zako tuligawa siku ya kuanua matanga. Picha hatukuwahi kupiga. Zile nyayo ndizo zilikuwa mwili wako wa mwisho duniani, nami nizivunje kwa miguu yangu? Lakini nisipokanyaga, paa lako lingekufa na wewe.

Nilimwaga maji polepole. Yalijaa kwenye nyayo zako kwanza, ndipo yakaenea. Nikafunga kanga, nikaingia. Nilikanyaga mmoja mmoja huku nalia kama mtoto aliyeachwa sokoni, na ule wa kidole kilichopanda nikauacha mwisho. Kisha na huo.

Tulikanyaga wote mpaka jua likapanda, halafu Shangazi akaniuliza, "Haya, umeiva?" Niligeuka kukutafuta, Mayu. Nakwambia kweli, niligeuka. Hukuwepo. Nikazamisha kisigino, udongo ukanishika kama ulivyosema ungenishika. Nikasema, "Umeiva. Pandisheni."

Mvua ilipokuja niliingia ndani ya tembe peke yangu, nikapapasa kuta zote. Kavu. Sikufurahi nilivyodhani ningefurahi. Nilikutaka wewe tu, usimame hapo mlangoni ukinung'unika kwamba nimechafua kanga.

Pumzika sasa, mama yangu. Kila mwaka kabla ya mvua nitapanda juu ya paa kulitengeneza, nami binti zangu nitawaingiza shimoni wangali wadogo, wazoee kujibu wenyewe. Nyayo zako sinazo tena. Ziko juu ya paa lile, na chini yake hapavuji.

Mwanao,
Nyamizi