Gari la Viti Viwili

Mume wangu Idi,

Salamu zako zimefika, na picha ya gari nimeiona. Huku Temeke sote wazima. Mama yako mdogo kajifungua, na mtoto kwa kelele kamrithi babu yako, Mungu amrehemu.

Unaniuliza kama unaliweza hilo gari la mbio, mie ambaye hata baiskeli siijui. Lakini babu yako naye alilitamani la namna hiyo, zamani za Mwingereza. Mzungu wa ofisini kwake alikuwa anarudi kwao, akataka kumwuzia gari lake jekundu la viti viwili, linanguruma mtaa wa tatu wanasikia. Bei aliimudu. Nikamwambia, "Liazime kwanza Jumamosi moja, tuone."

Hata hatujalizima mlangoni, jirani akaja mbio, mkewe ana uchungu. Tukampeleka hospitali, watatu tumebanana kwenye viti viwili. Kurudi tukamkuta bibi harusi anatungoja, na shangazi zake wawili hawakubali kuachwa. Wote watatu wakapanda nyuma, juu ya mgongo wa gari, kanga zinapepea, vigelegele mpaka Mtoni. Jioni petroli ikaisha, mtaa mzima ukalisukuma kwa vicheko.

Babu yako akajifuta jasho. "Gari naliweza," akasema. "Majirani je?"

Akalirudisha. Mtoto aliyezaliwa siku ile tunamwita Motokaa mpaka leo.

Sikukatazi. Majirani zako wa huko Mwanza siwajui, labda hawaoi wala hawazai. Ila ukilinunua, kumbuka lina viti viwili, na mkeo wa kwanza ni mie.

Bibi yako