Pumba za Ulezi na Vidonge vya Baba Mkubwa

Jumapili, 2 Juni

Ulezi tena. Kuosha, kumwaga mchanga, kuosha tena. Wanaupura chini kwenye udongo, halafu wananishangaa kwa nini siridhiki. Vidole vimekufa ganzi. Upepo wa hapa kwetu Izia mwezi wa sita hauna adabu.

Baada ya misa niliombwa niwaeleze akina mama utafiti wangu wa ulezi. Nikasema ganda la punje ya ulezi lina nyuzinyuzi. Sisi hatuzimeng'enyi, zinaliwa na bakteria wazuri wa utumboni, na wao wakishiba kinga ya mwili inapata nguvu. Inasaidia, nikasema. Nikarudia: inasaidia tu. Wanaume waliokaa nyuma walipiga makofi kuliko wote. Sikuelewa kwa nini.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeelewa. Huku ukitaja ulezi umetaja pombe. Njia nzima ya kwenda mashineni watu wananisalimia kwa furaha: mtaalamu kasema pombe ni kinga. Sikutaja pombe. Sikutaja hata kimea.

Jumatano, 5 Juni

Nataka kulia. Ule ulezi niliouosha mpaka vidole vikafa, Mama mkubwa, mke wa Baba mkubwa, ameamka mapema akausagisha, akauchekecha mara mbili. Unga laini, mweupe kuliko ulezi unavyopaswa kuwa. Pumba zote kawamwagia kuku. Nilichokuwa nakitafuta ni pumba!

Hapa mgeni hapewi uji wenye pumba, ni kumdharau. Nimekulia nyumba hii, lakini kwa kuwa nimesoma nimekuwa mgeni. Nilishukuru, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikaenda nyuma ya banda kuwaangalia kuku kwa chuki.

Ijumaa, 7 Juni

Baba mkubwa ana kifua kikuu. Ni kaka yake marehemu baba, ndiye aliyenilea. Alipewa dawa za miezi sita, yuko katikati. Leo natafuta kiberiti juu ya kabati nikakuta vidonge vyake. Hajavigusa tangu Jumapili.

Mama mkubwa alijua. Anasema mzee amebadilisha dawa. Kwa nini? Kwa sababu ya maneno yangu. Kwa dawa gani? Kwa pombe anayopika Mama mkubwa mwenyewe, kopo asubuhi, kopo jioni. Tena anaichuja vizuri kwa heshima ya mgonjwa. Machicha, yaliyobaki na maganda yote ya ulezi, anapewa nguruwe. Kwa hiyo nyumba hii kuku wana kinga, nguruwe ana kinga, mgonjwa ana kikohozi.

Nilimpandishia mzee sauti. Sijawahi. Akachukua jembe akaenda zake shambani.

Jumamosi, 8 Juni

Hataki kwenda kituo cha afya. Nimeeleza mpaka koo limekauka. Vidonge ndivyo vinavyoua vijidudu. Ukiviacha katikati, vijidudu vinakuwa sugu. Pombe juu ya dawa hizo inaumiza ini. Ulezi ni chakula. Ananisikiliza kwa upole kabisa, kisha anauliza kama na hayo nitayasema kanisani.

Mkaidi. Mkaidi wa kupindukia. Anakohoa namsikia mpaka jikoni. Naogopa atakufa kwa jina langu.

Jumapili, 9 Juni

Leo sikusubiri kuombwa. Watu walipoanza kutoka nikasimama nikasema ulezi si dawa, pombe si kinga, mwenye vidonge ameze vidonge. Hakuna aliyepiga makofi. Sikumtaja mtu. Baba mkubwa alikuwa benchi la mbele, kofia magotini.

Njiani kurudi nikamuuliza kwa nini aliacha dawa. Akavaa kofia tulipolipita kanisa na ukuta wake.

"Katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kusoma mpaka huko," akasema. "Ukasimama mbele ya watu ukasema ulezi ni kinga. Ningeendelea kumeza vidonge vya watu, mwanangu, ningekuwa sikuamini wewe."

Nilijiandaa kwa ubishi, si kwa hilo. Nikamwambia nataka aniamini na leo. Akasema kesho twende.

Jumatatu, 10 Juni

Tumekwenda. Muuguzi ametugombeza wote wawili, mimi zaidi. Amechukua makohozi yakapimwe upya, ajue kama dawa bado zinafanya kazi. Kaniuliza mimi ni mtaalamu wa nini hasa. Nikasema wa ulezi. Akatikisa kichwa akaendelea kuandika. Pombe imepigwa marufuku. Baba mkubwa alilipokea hilo kama msiba.

Jumatano, 12 Juni

Baridi. Mama mkubwa amepika uji wa ulezi usiochekechwa. Aliukoroga amenuna, anaona aibu kumpa mgonjwa uji wa hivyo.

Baba mkubwa aliniita nikae kwenye kigoda karibu yake. Akameza vidonge kimoja kimoja, macho yake kwangu, kama mtoto anayeonyesha kwamba amemaliza. Kisha akanywa uji. Anasema unakwaruza. Kweli unakwaruza, na mchanga upo.

Majibu ya makohozi bado. Nimekunywa wangu wote.