Mfuniko Wenye Bomba

Kilema, 9 Juni 2024

Mwanangu Redempta,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia hapo ulipo, hata kama uko peke yako. Mimi ni mzima, miguu inatembea, ila masikio ndiyo hayo uliyoyaacha. Simu ikiita naona mwanga tu, ndiyo maana nakuandikia. Barua hii analeta Victoria, jirani yangu anayeshusha ndizi sokoni Moshi. Ya kwako nayo mpe yeye.

Kifua ndicho kinanisumbua. Daktari amenikataza moshi, na mvuke wa chungu pia amenikataza. Nikamuuliza, mwanamke wa Kilema asipokaa jikoni akae wapi? Akasema nikae sebuleni. Kijana mzuri lakini hana akili.

Sasa sikiliza. Wakwe wa mdogo wako Jovin, kule Sanya Juu, wametutaka tupeleke mbege, pombe yetu ya ndizi, mwezi wa nane. Unajua kwetu mbege ya posa hupikwa na dada wa baba, na ikifika lazima waulize nani kapika. Dada wa marehemu baba yenu ni mimi peke yangu. Baba yenu mdogo Basili anasema tununue kilabuni, siku hizi kila mtu ananunua. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Ninyi wawili nimewalea mimi, na siku hii nimeingoja tangu Jovin anavaa kaptula.

Basi nakuomba upike wewe kwa niaba yangu. Sijaridhika, lakini ni afadhali kuliko ya kilabu. Jaribu kwanza kidogo. Ndizi ziive mpaka ganda liwe na madoa meusi, uchemshe mpaka ziwe nyekundu, na usiharakishe moto. Kimea cha ulezi na gome la msesewe la kutia uchungu nitakutumia.

Shangazi yako,
Kornelia

*

Rau, Moshi, 23 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Milele, amina. Nimeitikia kwa sauti, jirani akadhani namwita. Shikamoo. Pole na kifua, na tafadhali mtii huyo daktari asiye na akili. Mimi sijambo, kazini salama.

Nimejaribu, na imekuwa balaa. Unajua mimi ni mpangaji na uani haturuhusiwi kuwasha kuni, kwa hiyo nilichemsha ndani kwa gesi. Ilipofika mchana jikoni hapaonekani. Kuta zinatoka jasho, rangi inabanduka, na silingi bodi imelegea katikati kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Mwenye nyumba, Mzee Eliufoo, akaingia bila hodi. Akatazama juu, akatazama sufuria, akaniambia nikirudia nihame. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Usikate tamaa lakini. Nimeona kwenye simu watu wa nchi za baridi wanaopikia bia zao ndani ya nyumba. Sufuria wanaifunika, mfuniko una tundu, na kwenye tundu kuna bomba linaloshuka hadi kwenye ndoo. Ndani ya bomba wanapuliza maji baridi kidogo kidogo. Mvuke ukikutana na yale maji unageuka maji na wenyewe, unateremka ndooni. Haurudi chunguni, hauendi kwenye silingi. Nimempelekea picha Fredy, fundi bomba wa hapa mtaani. Amesema kipua cha kupulizia maji atatumia kile cha pampu ya dawa ya kahawa. Kipya kabisa, Shangazi, usianze.

Mtoto wako,
Redempta

*

Kilema, 7 Julai 2024

Redempta,

Leo sikusalimii sana, moyo unanienda mbio. Victoria amerudi jana na ndizi zote nilizokutumia. Anasema alifika getini kwako akakuta umati, mwenyekiti wa mtaa yuko ndani, na dirishani ameona kwa macho yake sufuria yenye bomba na maji meupe yanatoka. Anasema umekamatwa unapika gongo.

Mwanangu, nilikuomba mbege. Gongo nani kakufundisha? Leo kanisani wamama wa jumuiya wamenipa pole kana kwamba nina msiba. Kama ni kwa ajili yangu umeingia kwenye mambo haya, acha, tutanunua hiyo ya kilabu na mimi nitanyamaza. Niambie tu uko wapi, unalala kwako au polisi.

Mimi,
Shangazi

*

Rau, Moshi, 9 Julai 2024

Shikamoo Shangazi,

Niko kwangu, nimekula, nimeoga, sijakamatwa na mtu. Vuta pumzi kwanza, kisha usome taratibu.

Jumamosi Fredy alikuja kufunga bomba lake. Tukawasha, ndizi zikachemka, mvuke wote ukaingia bombani, ndoo ikaanza kujaa. Tulikuwa tunapongezana pale Mzee Eliufoo alipochungulia dirishani. Sasa jiweke mahali pake. Sufuria imefunikwa, bomba limetoka, maji maangavu yanaingia kwenye ndoo. Mtanzania gani ataona hivyo afikirie kitu kingine? Hakuniuliza hata neno. Alikwenda moja kwa moja kumwita mwenyekiti wa mtaa, Mama Joyness, na nyuma yake mtaa mzima ukafuata.

Nikaeleza kwamba hizi ndizi ndiyo kwanza zinachemka, hazijachachuka, kwa hiyo hata zingetaka kutoa pombe hazina ya kutoa. Mzee Eliufoo akasema kila mpika gongo ana maelezo yake. Mama Joyness akainamia ndoo. Mwishowe akasema, "Gongo hudondoka. Hii inamwagika." Watu wote wakageuka kumtazama yeye, amejuaje. Akajifanya hajaona, akaomba kikombe, akachota, akanusa, akanywa. Kisha akampa Mzee Eliufoo naye anywe.

"Maji ya bomba," akasema Mzee. "Yananukia ndizi."

Shangazi, nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia kidogo. Mzee akainua macho kwenye silingi, akapitisha mkono ukutani, pakavu. Akaniambia niendelee, ila nimwekee kata moja ya mbege siku ikiiva. Victoria wako alishaondoka zamani na ndizi zangu.

Sasa hili ndilo ninalotaka kukuambia. Mama Joyness anavaa miwani. Alisimama karibu na ile sufuria muda wote, na miwani yake haikuingia ukungu hata kidogo. Hapa hakuna moshi kwa sababu ni gesi, na mvuke hakuna. Ukitaka kukoroga unapunguza moto kwanza, unafunua, unakoroga, unafunika. Nimemuuliza daktari wako kwa simu. Amesema ikiwa ni hivyo, hana neno.

Njoo upike mwenyewe.

Redempta wako

*

Kilema, 14 Julai 2024

Redempta,

Marahaba mara mia. Victoria nimemsema, amejificha nyuma ya ndizi zake.

Hilo bomba silielewi na sitaki kulielewa. Siku ya kupika ikikaribia nitashuka na mwiko wangu. Nikikohoa hata mara moja narudi zangu.

Shangazi

*

Kilema, 18 Agosti 2024

Mwanangu Redempta,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumefika salama kutoka Sanya Juu, na Jovin amelala kama mtoto. Najua ulibaki Moshi kwa sababu ya kazi, ndiyo maana nakusimulia kabla sijavua hata kitenge.

Pale kwako siku ya kupika sikusema kitu, nilikuwa na aibu. Nilipokaa kwenye kile kigoda, mkono umeshika mwiko, nilikuwa nangoja kikohozi kama mtu anayengoja mgeni. Ndizi zikachemka, zikawa nyekundu, wewe ukaenda kuoga, na kikohozi hakijaja. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba kazi hiyo imeniisha maishani. Nilikoroga hata pale pasipohitaji kukorogwa.

Basi tumefika kwa wakwe, mitungi imewekwa chini. Mzee wao, Sylvanus, akasimama na kuuliza nani kapika. Basili akanitazama. Jovin akasema, "Shangazi yetu Kornelia." Mzee akauliza tena, kwa mkono wake? Masikio yangu haya mabovu, lakini hilo nililisikia. Nikajibu mwenyewe, kwa mkono wangu.

Wakanijazia kata, maana mpishi ndiye anayeanza. Nikanywa mimi kwanza, wote wakiwa wamesimama.

Mwambie Fredy aje Kilema anifungie na mimi bomba. Na Mzee Eliufoo mpe kata yake, usisahau, nimemwachia hapo kwako kwenye dumu la bluu.

Shangazi yako,
Kornelia