Kichwa cha Hafidha

Zinga, Bagamoyo
Jumatano, Mfungo Tano

Mdogo wangu Zuhura,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Najua ungekuwa umekaa hapa barazani ungeshaniamkia kabla sijafungua kinywa, basi marahaba, mwanangu, marahaba sana. Hali yako? Vipi ule mguu, uvimbe ulioupata na mimba ya huyu wa mwisho umekwisha? Na shemeji Ishaka, kifua chake kinaendeleaje? Mwambie vumbi la mkonge si la kuchezea, ajifunge kitambaa puani hata wenzake wakimcheka. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Mvua zilichelewa lakini zimekuja, muhogo wa nyuma ya nyumba umeshika, na mjomba Rajabu bado anagombana na mbuzi wa jirani kila asubuhi, kwa hiyo jua kwamba nguvu anazo.

Utashangaa kuona barua wakati simu ninayo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ulimi wangu una pa kukimbilia. Nikitaka kuanza neno zito nakuuliza bei ya mchele wa Korogwe, unanijibu, tunacheka, tunaagana. Karatasi haina bei ya mchele. Nimempa Mwinshehe, yule anayepakia mizigo pale Msata, amkabidhi kondakta wa basi la kwenu, na ameniapia kwamba itakufika mkononi. Isome peke yako kwanza. Halafu ukitaka, msomee shemeji.

Lile neno uliloniambia mwezi uliopita sijalijibu. Ulisema, kwa kuwa mwanao uliyeniachia nikulelee ulipoolewa Korogwe hakujui tena, bora tukikutana kwenye maulidi ya Mfungo Sita usimame mbele ya wazee unikabidhi Hafidha moja kwa moja, awe wangu, pasiwe na kuulizana tena. Ulilisema kwa sauti kavu, nikajua umelia kabla ya kupiga. Mimi nikasema inshallah, nikakata. Jibu lake limo humu, ila njia yake ndefu kidogo. Nivumilie.

Miezi minne iliyopita alinijia hapa barazani mwanamke mmoja kijana, miwani puani kama mwalimu, nyuma yake kijana amebeba sanduku. Akasema yeye ni daktari Sophia, na huyo ni msaidizi wake Hamidu, wamekodi nyumba mjini Bagamoyo wanafanya utafiti wa ubongo wa watoto. Watoto wanaochelewa kusema, wasioweza kutulia, wenye kifafa, na hata wale wasio na tatizo lolote, ili walinganishe. Hawachomi sindano wala hawatoi dawa. Mtoto anavikwa kofia ya wavu yenye vidude vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja na waya wake, vinasikiliza umeme mdogo uliomo kichwani. Kumbe kila mtu anao, hata mimi na wewe.

Taabu yao ilikuwa nywele. Kofia zimetengenezwa ng'ambo kwa nywele zinazolala. Watoto wetu wanakuja na mabutu na rasta, vifungo vinaelea juu, havifiki kwenye ngozi. Wakiwaambia kina mama wafumue, wanakasirika, na mmoja alimwuliza Hamidu kama atazisuka yeye mwenyewe jioni. Ndipo walipoulizia msusi mwenye mkono, wakaelekezwa kwangu.

Niliichukua ile kofia nikaigeuza kama ninavyogeuza kichwa cha mteja. Nikawaambia kofia haina kosa, ni njia tu hazijakatwa. Tusuke twende kilioni, mistari saba toka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, na kati ya mstari na mstari tuache ngozi upana wa kidole kidogo. Vifungo vitakaa njiani. Kesho yake tulijaribu kwa mjukuu wa jirani yangu Mwanahija, na Hamidu alipotazama kompyuta yake alitabasamu peke yake kama mtu aliyeota kitu kizuri. Tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi naenda mjini kusuka. Mwanahija akaanza kutangaza kisimani kwamba Arafa siku hizi anawakatia wazungu njia ya kuingia kwenye vichwa vya watu. Nikamwambia kichwa chake wangeingia upande huu wakatokea upande wa pili bila kukutana na mtu. Hakunisalimia siku mbili.

Elimu yangu ni darasa la saba, unaijua, sijidai. Lakini ukiwa unasuka, watu wanasahau kwamba una masikio. Nimesikia mengi mle. Nimesikia neno usonji, nami nikiwasikiliza kina mama wakieleza watoto wao nikaona wanamweleza Hafidha wangu, vile anavyopanga vitana kwa urefu wa meno, vile anavyoziba masikio pikipiki ikipita, vile anavyokutazama bega badala ya macho. Daktari anasema ubongo wa mtoto hujijenga tangu tumboni na huendelea kujijenga miaka mingi, na wengine hujengeka kwa namna nyingine. Mengi wenyewe bado hawayajui, anasema hivyo bila kuona haya, na mimi nikampenda kwa hilo.

Nilimwuliza, je, kama mama akiwa na mimba alikwenda msibani akashtuka? Akasema hapana. Je, kama alimwachisha ziwa mapema? Hapana, Bi Arafa, si mama. Nikakaa wiki nzima, nikamwuliza tena nikidhani amesahau. Akajibu vilevile. Kwa hiyo, Zuhura, yale waliyokutwika kwa kina Yahya, baba yake Hafidha, ati ulimtoa mtoto nje magharibi ndiyo maana kapigwa na upepo, ati ni malipo ya ukaidi wako kwa mume, yatupe leo. Miaka yote hii umetembea nayo, na mimi dada yako sikuwahi kukwambia yatue, kwa kuwa na mimi nilikuwa nayaamini nusu.

Sasa kichwa chake. Unakumbuka ulivyokuwa ukimnyoa akiwa usingizini, na akiamka anapiga yowe la kuita mtaa. Mimi msusi wa miaka ishirini na tano, vichwa vya Zinga nzima vimepita magotini mwangu, na wa nyumbani mwangu alitembea na nywele zimefungamana. Watu walinicheka. Daktari alinieleza kwamba kwa baadhi ya watoto hawa mguso mwepesi ndio unaowaumiza, na mguso mzito huwatuliza. Nikarudi nyumbani nikaacha vidole. Nikawa namwekea kiganja chote kisogoni, nakandamiza, nasoma subhanallah thelathini na tatu kimoyomoyo, natoa mkono. Siku kumi na moja. Ya kumi na mbili alichukua kitana chake cha kijani akaniletea, akakaa katikati ya magoti yangu mwenyewe. Nikasuka mstari mmoja. Kesho yake mmoja. Siku ya saba, kichwa kizima. Nilimwonesha kioo akakipuuza, lakini alikuwa akijipapasa zile njia kwa kidole, moja moja, jioni yote.

Kisha ikaja fomu. Hamidu aliisoma kwa sauti, kwamba anayetakiwa kusaini ni mzazi, au mlezi anayetambulika kisheria. Akaniuliza, wewe ni mama yake? Nikasema ndiyo. Halikuniponyoka, Zuhura, usije ukanitetea. Nilisema nikiwa na akili zangu, nikaandika jina langu, nikasaini.

Kwenye utafiti huo wanataka kujua ubongo wa mtoto unavyoipokea sauti ya mama yake na sauti ya mtu asiyemjua. Basi wakanirekodi. Niliambiwa niseme, Hafidha, njoo kwa mama. Nikasema. Wakataka tena, nikasema tena, na nilivyolipenda lile neno kinywani mwangu, Mola anisamehe. Hafidha alikaa na kofia dakika kumi na moja, anatafuna pindo la kanga yangu, mistari saba imewapa njia vifungo vyote. Watu walipiga makofi kimya kimya, kwa kupunga mikono hewani bila kuigonganisha, ili asishtuke.

Ijumaa yake Ustadh Muhidini alitudarsisha sisi wanawake. Hakunilenga mimi, hajui lolote. Alisema kulea mtoto wa mwenzio ni thawabu kubwa, bali kumwondolea asili yake ukamwita wako ni dhuluma, na anayedhulumiwa kwanza ni mtoto. Nilisali Alasiri nikakosea rakaa. Nikairudia, nikakosea tena.

Jumatatu nikaenda kwa daktari Sophia nikamwambia kwamba mama wa mtoto yuko Korogwe, mimi ni mama mkubwa tu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakunigombeza. Alisema kilichorekodiwa siku ile kitawekwa kando, hakitahesabiwa, na yeye itambidi awaandikie wakubwa wake aeleze. Akasema mama mwenyewe akiridhia wataanza upya, kwa saini yake na kwa sauti yake, na asiporidhia hapana neno. Mimi nikadhani yamekwisha. Kumbe alikuwa na swali dogo tu la kujaza karatasi yake. Je, huyu mtoto huisikia sauti ya mama yake mara kwa mara, hata kwa simu?

Barua hii ilianzia kwenye swali hilo.

Mdogo wangu, zile sauti ulizokuwa ukimtumia kila Ijumaa kwenye wasapu, mwaka juzi ulipopata simu kubwa. Nilikwambia namfungulia, wala hashtuki, anaendelea na vitana vyake. Nilikudanganya. Nilimfungulia tatu za kwanza. Ya kwanza aliacha vitana akaja akalaza sikio juu ya simu. Ya pili aliikumbatia simu kifuani mpaka ikazima. Ya tatu alikwenda kukaa mlangoni, uso nje, hakula kutwa. Nikajiambia namwondolea mtoto mateso. Haikuwa hivyo. Ulikuwa wivu. Marehemu mume wangu Ausi aliniacha na nyumba isiyolia mtoto, unajua, baada ya miaka kumi na minane ya ndoa. Na sasa ninaye mtu anayelala ameshika pindo la nguo yangu. Nikaona utamwita, naye atakwenda. Basi zile nyingine zote, ishirini, sikumfungulia hata moja. Ukawa unaniuliza, nami nakujibu hajali. Mwishowe ukaacha kutuma, na mimi nikashukuru.

Ndiyo maana umesema mwanao hakujui. Umelisema kwa ulimi wangu.

Sikuzifuta. Jumatatu ile niliporudi kutoka mjini nilikaa ukumbini, nikafungua ile ya nne. Nyuma mtoto wako mdogo analia, sufuria inagongwa, na wewe unasema: "Hafidha, ni mama. Leo nimepika wali. Ukoko nimekuwekea wewe."

Alisimama. Akaenda jikoni. Nikasikia anavurugavuruga vyombo, nikadhani amekasirika. Akarudi na sahani yake ile ya bati, akaiweka sakafuni mbele ya simu, akakaa akausubiri ukoko wake.

Daktari nilipomhadithia alisema jambo moja la siku moja halitoshi kumthibitishia mtu wa sayansi. Mimi si mtu wa sayansi. Nimekueleza nilichokiona.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usinikabidhi mtoto mbele ya wazee juu ya uongo wangu. Njoo umwone kwanza. Ukishamwona, ukiamua abaki, nitampokea nikiwa na wudhu. Ukiamua aondoke nawe, nitamfungia vitana vyake mwenyewe, na shemeji akisita nitapanda basi nije nimweleze namna ya kuishi na mtoto. Fomu mpya nimeikunja humu humu, usidhani kwamba hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia. Saini au iache.

Ukija, usimkimbilie kumkumbatia. Kaa chini nyuma yake. Weka kiganja chote kisogoni, vidole vitulie, ukandamize kama unavyokandamiza donge la chapati, kisha umsubiri. Akishusha pumzi ndefu, ndiyo ruhusa. Kitana ni kile cha kijani, usimpe kingine. Wiki hii nimemsuka mistari sita, wa saba, upande wa kulia, nimekuachia wewe. Mwanahija anasema mtoto anaonekana kama shamba lililoishiwa mbegu. Mwache aseme.

Msalimie sana shemeji Ishaka, uwabusu watoto, umwambie mkubwa kwamba mama mkubwa anamwekea korosho. Mjomba Rajabu anakusalimu, na ameniuliza mara mbili ninaandika nini kirefu hivi. Nisamehe kama utaweza, na kama bado huwezi, nitangoja. Jibu mpe kondakta huyo huyo, Mwinshehe atalipokea Msata. Nakuomba unijibu upesi, hata kama ni kwa hasira.

Ni mimi dada yako,
Arafa binti Haji